Kuuza vitu vya ndani mtandaoni bila kulizwa: friji, simu na meseji feki za muamala

Juzi nimeona tangazo la mtu anauza friji, kaandika "friji kali inauzwa bei maelewano njoo inboksi", picha moja tu, imepigwa usiku na taa iko nyuma, friji yenyewe imefunikwa kitambaa cha maua juu kuna redio na chupa ya chai. Hakuna bei, hakuna mtaa, hakuna hata ukubwa. Na huyo huyo baada ya wiki utamsikia analalamika kwamba mtandaoni hakuna wateja kumejaa matapeli. Matapeli wapo jamani, nitafika huko, ila mimi nimekaa kwenye hii shughuli ya kuuzia watu vitu vyao muda mrefu kidogo na naona kabisa tangazo kama lile ndo linawaita. Mtu mwenye hela yake na shida yake ya friji hana muda wa kukuuliza maswali yote yale, anapita anaenda kwenye tangazo la chini. Anayebaki kukuchatisha ni yule mwenye muda, na mwenye muda ana sababu zake.

Kilichoniingiza huku ni Dodoma. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli kweli, watumishi wakaanza kuondoka Dar kwa mafungu, na shangazi yangu naye barua ikamfikia. Nyumba nzima Tabata imejaa, makochi, kabati la vyombo, friji mbili, vitanda, meza ya chakula ya mninga ambayo watu wanne hawaiinui, na lori la kubeba vyote mpaka Dodoma hela yake ukiipiga hesabu unaona bora ununue vingine hukohuko. Akaniita, "mwanangu wewe si unashinda kwenye simu, niuzie hivi vitu, asilimia 10 yako". Basi. Enzi hizo kwenye mitandao ya matangazo Kupatana ndo ilikuwa inatajwa sana, wengine OLX, Jiji walikuja kuichukua OLX 2019, katikati hapo magrupu ya WhatsApp na Facebook nayo yakachanganya. Nikauza vya shangazi, wakaja wenzake wa ofisini, wakaja majirani wa wenzake, ikawa kazi. Sina duka, sina fremu, nina simu, korido, na mume anayelalamika kwamba korido siyo stoo.

Sasa nianze na friji maana ndo kitu kinachouzika kuliko vyote Dar na ndo kinacholeta ugomvi kuliko vyote.

Friji ya mtumba mnunuzi anaogopa vitu viwili tu, kwamba haipoozi na kwamba inapooza leo ila kesho haipoozi. Maneno yako hayamtoi hiyo hofu hata uape. Kwa hiyo mimi mteja akisema anakuja kesho saa nne, usiku naiwasha, naweka chupa ya maji na trei ya barafu, akifika anafungua mwenyewe anashika barafu kwa mkono wake. Halafu namfanyia kitu kingine, nachukua noti ya elfu moja naibana kwenye mlango wa friji, nafunga, namwambia vuta. Noti ikigoma kutoka kirahisi maana yake mpira wa mlango bado unabana vizuri, ikichomoka yenyewe mpira umelegea na friji itakula umeme mpaka LUKU uikome. Nafanya kona zote nne. Mpira ukiwa umelegea simfichi, namwambia hapa chini kushoto umelegea, kubadilisha fundi anachukua kiasi fulani, ndo maana bei iko hivi. Kuna mama alikuja kutoka Mbagala kuchukua friji ambayo nilikuwa nimeandika kabisa kwenye tangazo kwamba droo ya mboga imepasuka na nikapiga picha ya ule ufa kwa karibu, nikamuuliza mbona umetoka mbali hivi na friji ziko huko, akasema "mwanangu wewe ndo pekee umesema kibovu chako, hao wengine vyote vizima, mimi na umri huu niamini vyote vizima?" Alipunguziwa elfu ishirini tu na aliondoka anashukuru.

Nyuma ya friji pale kwenye kompresa kuna lebo, piga picha uiweke. Imeandikwa aina ya gesi, R134a au R600a, na mafundi wanaoenda kununua wanaiuliza sana kwa sababu hii R600a inashika moto, siyo kila fundi wa mtaani atakubali kuigusa. Na kuna ile sentensi watu wanaandika kwa kujisifia "gesi imejazwa juzi tu". Ndugu yangu futa. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika, ile inazunguka humo humo ndani miaka nenda rudi, ukiona imejazwa juzi maana yake ilivuja, na mnunuzi anayejua atakuuliza ilivujia wapi na paliunganishwaje. Kama ilivuja ikazibwa na fundi, sema ilivuja ikazibwa na fundi, taja na lini.

Volti nayo. Watu wa diaspora wakirudi wanakuja na mizigo, na vitu vya Japani vimejaa, masubufa, mablenda, majiko ya wali. Marekani umeme wao ni volti 120 hivi, Japani ni 100, sisi huku ni 230. Mtu ananunua blenda nzuri ya Marekani anachomeka ukutani inalia mara moja tu na moshi. Mimi kitu chochote kabla sijakiposti nasoma ile lebo ndogo, kama kimeandikwa 100-240 hakina shida, kama ni 100, 110 au 120 peke yake naandika wazi "kinahitaji transfoma" na kama ninayo nauza pamoja. Usipoandika utapigiwa simu na mtu analia, na ana haki ya kulia.

Bei. Mimi kabla sijaweka bei natafuta kwanza hicho kitu kikiwa kipya Kariakoo ni shilingi ngapi leo. Siyo uliponunua wewe, leo. Shangazi alikuwa ananiambia "makochi haya nilinunua milioni mbili" na kwa kweli alinunua, ila mnunuzi haijui hiyo historia, anajua kwamba akienda Keko kwa mafundi anatengenezewa mapya kwa kiasi gani. Kitu cha mwaka mmoja miwili chenye risiti sizidishi asilimia 60 ya kipya, kikishakuwa cha miaka mitano naanza kwenye theluthi na kushuka. Hiyo ni yangu, wengine wana yao. Halafu juu ya ile ninayoitaka naongeza kidogo ya kupunguza, maana mtu wa Dar asipopunguziwa hata elfu kumi anaondoka na donge kama ameibiwa, hata kama bei ilikuwa ya kutupa. Friji ninayotaka laki nne naandika laki nne na nusu. Siandiki "maelewano" bila namba. Ukiandika maelewano tupu wa kwanza kupiga ni dalali.

Madalali nisiwaseme vibaya sana maana na mimi ni nini kama siyo dalali mwenye adabu. Ila wana tabia ya kuchukua picha zako wakaziposti kama zao wanaweka cha juu, unashangaa mteja anakupigia kuhusu friji yako kwa bei usiyoijua. Naandika jina langu la biashara katikati ya picha, katikati siyo pembeni, pembeni wanakata. Na dalali akija kwa heshima akasema dada nina mteja, nampa bei yangu namwambia cha juu chako utajua wewe na mteja wako ila friji haitoki getini mpaka niione hela yangu. Kuna miezi wao ndo wameninusuru.

Muda wa kuuza una faida kuliko hata mdomo. Feni na friji ni kuanzia Desemba mpaka Machi hivi joto linapokaba, na kabla ya Ramadhani, friji na blenda zinaondoka zenyewe. Tarehe za mshahara kila mtu anajua. Isipokuwa Januari, hapo usiniguse, kila mtu ana ada, Januari ni mwezi wa kununua siyo wa kuuza, hapo ndo wenye shida wanauza vitu vizuri kwa hasira. Masika mvua zikishika watu hawataki kutoka Kigamboni kuja Kimara kuona kochi. Na kuna hili la wanachuo, wale wanaomaliza pale UDSM na Ardhi wakati wa Julai wanataka kwenda kwao, feni, friji ndogo, meza ya kusomea, vyote vinakwenda kwa bei ya nauli, na mwaka wa kwanza wanaingia kwenye Oktoba na Novemba wanatafuta hivyo hivyo. Katikati hapo nilivyonunua kwao vinakaa kwenye korido yangu, ndo ugomvi na mume unapoanzia, na ndo faida nzuri kuliko asilimia 10 za watu.

Haya, matapeli.

Kuna friji moja, mwenyewe alikuwa mama mmoja jirani, tumeweka laki nne na nusu. Akapiga mwanaume, sauti ya kistaarabu, "habari ya saa hizi dada yangu, ile friji ipo?" Ipo. "Naichukua, bei sina tatizo nayo." Hapo tu mimi nikakaa vizuri. Mtu wa Dar ananunua kitu cha mtumba hajakiona hajauliza hata kama kinapooza na bei hana tatizo nayo! Akasema yuko saiti Bagamoyo hawezi kuja ila anamtuma kijana wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hela anatuma kwa simu sasa hivi. Nikamwambia sawa tuma. Haikupita nusu saa kirikuu iko getini inapiga honi, na meseji imeingia, imepangwa vizuri kabisa, imethibitishwa, umepokea Tsh 450,000 kutoka kwa fulani, saa, tarehe, namba ya muamala ndefu, salio lako jipya ni Tsh 462,300. Na simu yake hapo hapo inaita, "dada hela si imeingia, mpe kijana mzigo ana safari nyingine", nikimjibu ngoja anakata anapiga tena, hataki kabisa nipate nafasi ya kushika simu yangu nikaangalia. Hiyo ndo kazi ya ile kupigapiga, usidhani ni haraka ya kweli.

Mimi asubuhi ile nilikuwa nimenunua umeme, nilijua kwenye laini nimebakiwa na elfu tatu na mia kadhaa. Laki nne na nusu ukijumlisha elfu tatu haiwi laki nne na sitini na mbili hata ukipiga hesabu ukiwa na homa. Nikaangalia na mtumaji, ni namba ya kawaida ya mtu, siyo lile jina la mtandao ambalo meseji zote za pesa zinakuja nalo zikipangana kwenye mstari mmoja. Nikaingia *150*00#, menyu ya M-Pesa, nikaangalia salio, elfu tatu zangu zimekaa pale pale. Nikamwambia kaka hela haijafika. Akaanza, mtandao unasumbua, itaingia, wewe mpe kijana mimi ni mtu mzima siwezi kukudhulumu friji. Nikasema itakapoingia nitampa. Akatukana, akazima.

Yule kijana wa kirikuu sasa, pale getini, maskini hakuwa anajua chochote. Amepigiwa simu akiwa kijiweni kwao, kaambiwa nenda Tabata chukua friji peleka Kimara utalipwa elfu arobaini ukifika. Mafuta yake ameshachoma. Watu wanadhani dereva anayetumwa ni mwizi mwenzake wanataka kumpiga, wengi wanakuwa wametumwa hivyo hivyo na wao wanalizwa. Tulikaa tukaongea, nikachukua namba yake, na mpaka leo mizigo yangu mingi anabeba yeye.

Kwa hiyo meseji siyo hela. Hata ije na jina la mtandao usiiamini, kuna wanaojua kuigeza. Hela ni salio, uliloliangalia mwenyewe kwa mkono wako, siyo kwa skrinshoti ya mtu wala kwa picha ya karatasi ya benki. Benki ndo usiseme, mtu anakutumia picha ya karatasi ya kuweka pesa ina mhuri kabisa, wewe angalia akaunti, ikisoma imesoma.

Njia ninayoipenda mimi kwa vitu vya hela nyingi ni wakala. Tunakutana kwa wakala wa mtaani kwetu ninayemfahamu, mnunuzi anatoa keshi anaweka kwenye laini yangu, wakala ndo anahesabu na ndo anakagua noti, noti feki ni tatizo lake siyo langu, meseji inaingia, salio nalikagua, kila mtu ameshuhudia. Kitu pekee mnachogombana hapo ni ya kutolea, yaani makato ya kutoa hela. Andika mapema kabisa kwenye mazungumzo, "bei ni laki tatu na ya kutolea", maana watu wanajifanya hawaijui ya kutolea mpaka mwisho.

Janja nyingine wanazotumia nitazipitisha haraka. Kuna wa "nimekosea nimetuma laki tano badala ya nne naomba unirudishie laki moja", hajatuma kitu, au ametuma meseji feki, anataka ile laki moja ya kweli kutoka kwako. Kuna wa "nimekutumia namba sita kimakosa naomba unisomee", hiyo ni namba ya kufungulia WhatsApp yako, ukimsomea tu kesho anawakopa ndugu zako wote kwa jina lako. Kuna wa linki, "bofya hapa uweke namba ya siri upokee malipo". Kupokea pesa hakujawahi kuhitaji namba ya siri, shika hilo. Na kuna hili ambalo linawapata watu wengi hawajui linavyofanyika, tapeli anakupigia anakutaja majina yako matatu, wewe unadhani anakujua au katumwa na ofisi fulani, kumbe kaingia kwenye menyu ya kutuma pesa kaweka namba yako, jina likajitokeza lenyewe, akaghairi. Binamu yangu yuko Nairobi anauza simu, yeye ana tatizo lao la M-Pesa, mnunuzi analipa hela ya kweli inaingia kabisa, akishaondoka na mzigo anatuma ile meseji kwenda 456 kuomba irudishwe kwamba alikosea namba, hela inazuiliwa unaanza kuhangaika na hudumakwateja. Binamu siku hizi anamwandikisha mnunuzi karatasi na kumpiga picha ameshika simu, na hela anaihamisha pale pale.

Namba za hawa watu usizifute kwa hasira, hapa kwetu unaituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na mara moja moja piga *106# uone kitambulisho chako kimesajili laini ngapi, usije ukawa wewe ndo tapeli bila kujua.

Nina laini ya pembeni kwa ajili ya matangazo tu. Ile yangu ya siku zote, ya ndugu na benki na watoto shule, haionekani kwenye tangazo lolote. Kwa mwanamke hii ni lazima kabisa, maana kuna wateja wa kochi na kuna wateja wa muuza kochi, saa tano usiku "mambo mrembo, kochi lipo?". Hawa nawajibu bei na mtaa tu, wakiendelea nawazuia.

Kuhusu kukutana. Vitu vidogo, simu, laptopu, kamera, ni Mlimani City au sheli yenye kamera na walinzi, mchana. Siendi kwa mtu na siingii kwenye gari ya mtu "tuhesabiane humu kuna utulivu". Vikubwa havina jinsi mtu lazima aje, basi kabla hajaja navitoa barazani, hana sababu ya kupita mpaka chumbani kuona tivii imetundikwa wapi na dirisha la nyuma lina nondo au halina. Na barazani lazima tuwe wawili. Kwenye tangazo na kwenye simu kamwe sisemi "niko peke yangu leo" wala "nauza haraka nasafiri kesho", hiyo ya nasafiri watu wanaandika wakidhani inavutia wanunuzi, inavutia, na wengine pia. Picha nazipiga ukutani kweupe, sitaki picha za watoto nyuma, sitaki cheti kilichotundikwa, sitaki namba ya nyumba.

Simu ndo mali inayotembea na matatizo ya mtu. Kijana mmoja wa mtaani aliniletea iPhone usiku, "aunti niuzie haraka hata laki mbili nipe". Boksi hakuna, risiti hakuna, chaja hakuna, na anataka niizime nisiiwashe. Nikamwambia mwanangu rudi nayo ulikoitoa. Mali ya wizi ukikutwa nayo polisi hawakuulizi ulipata faida kiasi gani. Simu ninayopokea mimi lazima ije na boksi, napiga *#06# namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, ilingane na ya kwenye boksi, naituma kwenda 15090 inijibu ni simu gani, na jibu lilingane na kilichopo mkononi. Hii ya 15090 ilianza kipindi kile TCRA wanajiandaa kuzima simu feki, Juni 2016, na mpaka leo inanisaidia, mnunuzi namwambia tuma mwenyewe kwa simu yako.

Halafu mwenye simu namkalisha chini anatoa akaunti yake ya Google au iCloud kabla ya kuifuta, siyo baada. Ukiifuta na akaunti bado imo, mnunuzi akiiwasha inamuuliza neno la siri la mtu asiyemjua, na hapo wewe ndo unaonekana mwizi. Anatoa laini, anatoa memori kadi, anatoka kwenye programu za benki. Na pale kwenye kukagua simu haitoki mikononi mwangu mara mbili. Nampa aangalie tukiwa tumekaa, akirudisha naangalia tena ni ile ile, ule mkwaruzo wa kona uko, maana kuna mabingwa wa kukurudishia nyingine yenye kava kama lile lile na wewe unakuja kushtuka uko kwenye daladala.

Mauziano naandikishana hata kwa kitu cha laki moja na nusu. Karatasi ya daftari tu, nakala mbili, jina, namba ya kitambulisho, kitu chenyewe na namba zake, kasoro zake, bei, tarehe, sahihi. Hapo kwenye kasoro ndo pana maana kuliko pote. Nikiandika "kioo kina mstari mmoja mwembamba kulia, mnunuzi ameuona" na amesaini, hakuna mtu wa kuja wiki ijayo na shemeji yake askari kunitisha. Na video fupi ya simu yangu kitu kikiwa kinafanya kazi wakati anakichukua. Kwa friji natoa siku 3, namwambia ukifika iache isimame masaa kadhaa kabla hujaiwasha hasa kama imelazwa njiani, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, ikikataa ndani ya siku 3 rudisha. Watu wananiambia unajitafutia hasara. Hao hao wanauza friji kama yangu kwa elfu thelathini pungufu na zinakaa mwezi.

Usafiri andika mapema ni wa nani. Na mzigo wa ndani usiusafirishe usiku. Kirikuu yenye tivii na godoro saa tatu usiku itasimamishwa tu, na mtaani watakuuliza unahama unamkimbia nani kodi. Kama ni vitu vingi vya nyumba nzima, kama vile vya shangazi, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua, wakisimamishwa dereva anaonyesha.

Vipo nisivyouza. Godoro sichukui hata liwe zuri, siwezi kulijibia. Viti vya gari vya watoto, hapana, sijui kama gari lile lilishagonga. Mitungi ya gesi na magari wana watu wao, gari ukishafika kwenye kubadili jina la kadi kule TRA kwa watu wa kodi inataka mtu aliyekaa kwenye hiyo kazi, mimi naishia kwenye friji.

Sasa hivi ninayo cherehani ya miguu ya bibi mmoja wa Ukonga, chuma kizito, mkanda wa ngozi nimebadilisha, droo moja haina kishikio na picha yake nimeweka. Wameuliza wengi, "ipo?", "bei ya mwisho bosi", mmoja kasema bei hana tatizo nayo na anamtuma kijana. Kuna fundi nguo wa Chanika yeye kauliza inashona jinzi, kauliza bobini ni za aina gani, kasema anakuja Jumamosi asubuhi na kitambaa chake na uzi wake akijaribu mwenyewe. Huyo nimemwekea, wengine nimewaambia wasubiri mpaka Jumamosi mchana.